Kabla ya Kuingiza Kochi na Televisheni, Pimeni Chumba

Ndugu wanakikundi, somo la mwezi huu wengine watalicheka. Tumezoea kufundishana juu ya mbuzi wa maziwa, vyoo, mbolea na hesabu za kikundi. Leo tunaongea juu ya sebule, kile chumba cha mbele ambamo mgeni hukaribishwa, watoto hufanya kazi ya shule, na usiku kijana mmoja au wawili hutandika godoro wakalala humo humo. Tunauliza makochi yakae wapi, meza iwe wapi, na televisheni iwekwe upande gani.

Sababu ya kuuliza ni hii. Vikundi vingi vya merigoraundi siku hizi hununuliana vitu vya nyumba. Zamani ilikuwa vikombe na sufuria, halafu magodoro, halafu mabati. Sasa mwanachama akifikiwa na zamu yake anataka kochi, na akishapata kochi anataka televisheni, maana stima imefika, au sola imefika, zile za kulipia pole pole kwa simu. Hakuna ubaya wowote. Lakini hizo ni pesa za watu kumi na tano au ishirini, zimetoka kwa mayai na maziwa, na sisi tunaotembelea vikundi tumeona zikiishia kwa vitu ambavyo chumba hakiwezi kuvibeba. Tumeona kochi limekatwa miguu ndio lipite mlangoni. Tumeona meza nzuri ya mbao imelala nje ikinyeshewa. Na jambo baya kuliko hayo, tumeona televisheni imewekwa juu ya kitu kisichoweza kuishika.

Hesabu ya futi

Chukua chumba cha futi 10 kwa futi 12, kama vile vyumba vya mbele vya wengi wetu. Hiyo ni futi mraba 120. Sasa chukua seti ya watu saba, ile ambayo kila mtu anaitamani: kochi la watu watatu, la watu wawili, na mawili ya mtu mmoja mmoja. La watatu lina urefu wa futi 6 hivi, la wawili futi 5, na yale madogo futi 3 kila moja. Jumla ni futi 17. Kutoka mgongoni hadi mbele kochi huchukua karibu futi 3. Basi 17 mara 3 ni 51. Ongeza meza ya katikati ya futi 4 kwa 2, hiyo ni 8. Ongeza kabati la televisheni la futi 5 kwa futi moja na nusu, hiyo ni 7 na nusu. Mmefika 66 na nusu. Zaidi ya nusu ya sakafu imekwisha, na bado hamjaingia nyinyi wenyewe.

Mtu atasema, lakini makochi yanakaa kando ya ukuta. Haya, pimeni ukuta. Kuzunguka chumba hicho ni futi 44. Toa milango, na nyumba nyingi zina mitatu inayofungukia sebuleni: wa nje, wa jikoni na wa chumba cha kulala. Hapo futi 8 hivi zimekwenda. Toa kabati futi 5. Tena kila pembe makochi mawili yanapokutana, moja linaficha futi 3 za ukuta wa mwenzake. Ndiyo maana seti ya watu saba mara nyingi huishia na kochi moja kusimama mbele ya mlango wa jikoni, na mama mwenye nyumba akipita anapita ubavu ubavu.

Linganisheni na mpango mwingine. Kochi moja la watu watatu ni futi mraba 18. Viti viwili vya mbao vyenye mikono, futi 2 kwa 2, ni 8. Meza ya futi 3 kwa 2 ni 6. Stuli pana ya televisheni, futi 3 kwa futi moja na nusu, ni 4 na nusu. Jumla ni 36 na nusu, na zaidi ya futi mraba 83 zimebaki wazi. Ongeza viti sita vya plastiki vinavyopangwa kimoja juu ya kingine pembeni. Kikundi kikija vinatolewa, kikienda vinarudishwa. Hapo watu kumi na moja wamekaa, wakati ile seti ya bei kubwa ingekalisha saba tu.

Mtaambiwa seti haiuzwi nusu. Mwenye duka la mjini ndiye husema hivyo. Fundi seremala wa hapa sokoni atakutengenezea kochi moja bila neno, na ukimpelekea kipimo cha mlango wako atakutengenezea linalopita. Mpe pia kipimo cha kona ya kuingilia, kama ipo. Mlango peke yake hautoshi.

Miguu inapita wapi

Kabla ya kuweka kitu chochote, simama mlangoni uangalie miguu inapita wapi. Kuna njia ya kutoka nje kwenda chumba cha kulala. Kuna njia ya kutoka jikoni kuja mezani. Hizo mbili ndizo za kuwekwa kwanza, kabla ya kochi na kabla ya televisheni. Mtu mmoja anapita kwa futi 2, lakini mtu aliyebeba trei ya chai au sufuria ya uji moto anataka futi 2 na nusu. Kati ya kochi na meza acheni futi moja na nusu, mtu aweze kukaa bila kugonga magoti.

Tena njia ya kutoka jikoni isipite kati ya watazamaji na televisheni. Mnajua vile inakuwa. Habari zinasomwa, au mpira uko dakika ya mwisho, msichana anatoka na chupa ya chai, watu wote wanapiga kelele atoke mbele, anaharakisha, na chai inamwagikia mtoto aliye mkekani. Chai ya moto haingoji mpira uishe.

Kuna sababu nyingine ambayo hatupendi kuifikiria. Ndani ya kochi kuna sponji. Sponji ikishika moto kwa koroboi au mshumaa inawaka kwa dakika chache tu, na moshi wake ni mweusi na wa sumu. Watu walio chumba cha kulala wana njia moja tu ya kutoka, na njia hiyo inapita sebuleni. Kochi lisizibe mlango hata nusu, na mlango unaofungukia ndani uweze kufunguka mpaka mwisho. Kile kijana anayelala sebuleni, godoro lake nalo lisilazwe katika njia hiyo.

Halafu kuna wageni. Mimi niliwahi kukaribishwa katika nyumba moja nikapewa kochi zuri kuliko yote, lakini lilikuwa chini ya televisheni. Nikakaa hapo nikieleza habari za mkopo, na watu kumi na wawili wakanitazama juu ya kichwa. Nilijishika nywele mara mbili nikifikiri kuna kitu. Mzee akija, au nyanya, apewe kiti kinachoona mlango, kilicho karibu na mwenye nyumba, na viti vingine vikielekea kwake. Jaribuni kuweka viti katika umbo la L, kochi ukuta mmoja na viti viwili ukuta unaofuata. Watu wakikaa hivyo wanaonana nyuso, na televisheni ikiwa pembe ya upande wa pili wote wanaiona. Ikizimwa, hakuna haja ya kugeuza kiti ndio muongee.

Televisheni yenyewe

Kenya ilianza kuwa na televisheni mwaka 1962, na mpaka 1990 ilikuwa na stesheni moja tu. Sehemu nyingi za mashambani kilikuwa kitu cha nyumba moja katika kijiji, kwa mwalimu au kwa mfanyabiashara, na watoto wakikitazamia dirishani. Pengine ndiyo sababu mpaka leo tunaiweka mahali pa heshima, juu kabisa, kama picha ya harusi. Hapo ndipo tunapokosea.

Kwanza angalia dirisha. Ukiweka televisheni mbele ya dirisha, mwanga wa nyuma unaumiza macho. Ukiiweka ikitazamana na dirisha, mchana utaona mti wa nje ndani ya kioo badala ya picha. Iweke ukuta wa kando, dirisha liwe ubavuni.

Pili ni ukubwa. Hawa wenye maduka hupenda kuuza kubwa. Televisheni ya inchi 32 hupimwa kutoka pembe moja hadi pembe ya kinyume. Upana wake ni inchi 28 hivi, kama futi mbili na theluthi moja. Mtu anaitazama vizuri akiwa futi 4 hadi 7 kutoka kioo. Katika chumba cha futi 10, ukitoa nafasi ya kochi na ya stuli, mnabaki kama hapo hapo. Inchi 24, ambayo hutumia umeme kidogo na huja na sola nyingi, inatosha ukikaa futi 3 hadi 5. Ile ya inchi 55 katika chumba cha futi 10 mtaipa kichwa kazi ya kugeuka huku na huku, na mtalipa deni lake mwaka mzima.

Wazazi huuliza kama kukaa karibu kunaharibu macho. Kunayachosha, lakini hakuyaharibu. Ila mkiona mtoto mmoja daima anasogea karibu na kioo wakati wenzake wamekaa nyuma, mpelekeni akapimwe macho, maana huenda haoni mbali, na ubaoni shuleni pia haoni. Na kwa wale wadogo kabisa, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: watoto ambao hawajafika miaka 2 wasiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa moja kwa siku. Meza ya kusomea iwe chini ya dirisha, na mtoto anayesoma aipe televisheni mgongo.

Tatu ni urefu wa kwenda juu. Mtu aliyekaa kwenye kochi, macho yake yako kama futi 3 na nusu kutoka sakafuni. Stuli ya futi 2 au 2 na nusu inafikisha katikati ya kioo karibu na hapo. Hakuna haja ya kwenda juu zaidi. Hapa nataka nieleze kilichotokea nyumbani kwangu.

Mwaka 1999 nilikuwa na televisheni ndogo ya inchi 14, ya aina ya zamani yenye mgongo mkubwa, ikitumia betri ya gari. Niliiweka juu ya kabati lenye droo nne ili watoto wasiifikie. Juu yake nikatandika kitambaa nilichoshona mwenyewe, na ncha yake ikaning'inia mbele vile tunavyopenda. Juu ya kitambaa nikaweka mkebe wa biskuti, pia ili watoto wasiufikie. Mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, alikuwa amekuja kukaa nasi. Nilitoka kwenda kuanua nguo. Kumbe yeye alivuta droo ya chini akapanda, akavuta ya pili akapanda, akashika kitambaa. Kabati likainama. Televisheni za aina ile uzito wake uko mbele, kwa kioo, kwa hivyo zikianguka huanguka kifudifudi. Ilimpata kwenye paja. Mfupa ulivunjika, na akalala hospitali karibu mwezi mzima mguu ukiwa umevutwa juu kwa kamba. Daktari aliniambia kama ingekuwa kichwa tungekuwa tunaongea mambo mengine. Leo ni kijana mkubwa na anatembea vizuri, lakini dada yangu alichukua muda mrefu kabla ya kulala tena nyumbani kwangu, na sikumlaumu.

Kila kitu nilichofanya nilikifanya ili kumzuia mtoto. Kuweka juu hakumzuii, kunampa sababu ya kupanda. Kwa hivyo:

Televisheni ikae kwenye stuli au meza fupi, pana kuliko televisheni yenyewe, isiyo na droo, na miguu iliyotanuka kidogo. Isitangulie ukingo wa stuli. Juu yake kusiwe na kitu, si mkebe, si maua, si rimoti, si kitambaa. Kitambaa kwenye ile ya zamani kinaziba pia matundu ya kutolea joto. Wekeni vitambaa kwenye makochi, huko ni pazuri.

Hizi mpya nyembamba watu huzidharau kwa sababu ni nyepesi. Inchi 32 mtu mmoja anaibeba. Lakini zinasimama juu ya vijiguu viwili vyembamba, na mtoto akisukuma kwa kiganja inakwenda. Nyuma yake kuna matundu manne ya skrubu. Tafuta skrubu mbili zinazoingia sawasawa, tia washa, funga kamba imara au ukanda, na uufunge kwa kitu kisichong'oka. Usiache kamba ndefu, inyooke tu. Ya zamani yenye mgongo haina mahali pazuri pa kufunga. Dawa yake ni kuishusha kwenye stuli ya futi moja na nusu, pembeni kabisa ambapo kuta mbili zinakutana. Na msiifungue nyuma hata ikiwa imezimwa, maana inabaki na umeme mkali ndani.

Wenye nyumba za udongo wasikilize hapa. Usipige msumari wala skrubu kwenye udongo ukategemea ushike. Utashika wiki mbili. Gonga ukuta kwa ngumi mpaka usikie nguzo, tafuta na nguzo inayofuata, kisha pigilia ubao mmoja kutoka nguzo hadi nguzo. Kamba ifungwe kwa ubao huo. Hata anayetaka kutundika televisheni ukutani afanye hivyo, na afadhali amwite fundi. Nyumba ya mabati ni vivyo hivyo, funga kwa mbao za ndani, si kwa bati.

Waya, betri na radi

Weka televisheni karibu na soketi ili msihitaji waya mrefu. Waya usipite mlangoni wala chini ya kapeti au mkeka, kwa sababu ukikanyagwa unachubuka bila kuonekana, na hapo moto huanza. Tangu mitambo ya zamani ya kurusha matangazo ilipozimwa mwaka 2015, televisheni za zamani zinahitaji king'amuzi, kwa hivyo kuna sanduku moja zaidi na waya mbili zaidi. King'amuzi hupata joto. Kiwe kando ya televisheni, kisifunikwe.

Wanaotumia betri ya maji wasiiweke chini ya kochi wala karibu na jiko. Ikichajiwa hutoa hewa inayoweza kulipuka ikikutana na moto, na maji yake ni tindikali inayokula nguo na ngozi. Ikae ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, karibu na dirisha, mbali na mtoto.

Kwa ndugu zetu wa Kisii na Kakamega, ambako radi si hadithi: mawingu yakikusanyika, chomoeni plagi na waya wa eriali pia. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Mkichelewa na radi imeshaanza kupiga, msiziguse hizo waya mpaka ipite.

Zoezi la kikundi

Mkutano ujao leteni kamba ya fundi ya kupimia na debe la jivu. Mwanachama ambaye zamu yake inakaribia aje na vipimo vya sebule yake: urefu, upana, milango iko wapi, inafungukia wapi, dirisha liko upande gani. Chorea chumba hicho uwanjani kwa jivu, ukubwa wake kamili. Kisha chora kila kitu anachotaka kununua. Mtu mmoja aingie mlangoni na trei yenye vikombe vya maji, apite mpaka mezani bila kukanyaga mstari. Mwingine aende kutoka chumba cha kulala mpaka nje akiwa amefumba macho, kama vile usiku. Mtoto mmoja aruhusiwe kucheza humo, na nyinyi mtazame anakwenda kushika nini.

Kikundi kimoja tulichofanya nacho zoezi hili, mama mwenye zamu alikanyaga kochi la wawili mara tatu. Mara ya tatu alichukua ufagio akalifuta. Wenzake walicheka, lakini mweka hazina aliandika: kochi moja la watatu, stuli pana, viti sita vya plastiki. Halafu wakaanza kubishana kama pesa zilizobaki zinunue mlango mpya wa jikoni, maana ule wa zamani ulikuwa haufunguki mpaka mwisho. Tulipoondoka walikuwa bado wanabishana, na jivu bado liko uwanjani.